Kidonge Kisichopita Kooni: Safari ya Dawa za Sonona Hadi Muthurwa

   Punguza moto wa jiko, vuta kigoda karibu na redio, tuzungumze.

Leo tuna kisa cha kidonge kinachokataa kupita kooni. Si kidonge chochote tu. Ni kile cha ugonjwa wa sonona, ambao hapa mtaani wengi wetu huuita depresheni, na wengine husema tu kwamba mtu fulani "mawazo yamemzidi". Mwenye ugonjwa huu huwa na huzuni nzito, au hukosa hamu ya mambo yote aliyokuwa akiyapenda, karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi. Usingizi humpotea au humzidi. Chakula humshinda. Hujiona hana faida kwa mtu yeyote. Huu ni ugonjwa, na una dawa. Lakini dawa nyingi za ugonjwa huu huja kwa umbo la kidonge au kapsuli, na hapo ndipo shida yetu ya leo inapoanzia.

Chukua mfano wa familia moja katika zile nyumba za reli za Muthurwa. Mzee alistaafu kazi ya reli, akapata kiharusi, na baada ya miezi michache huzuni ikamwingia. Daktari akamwandikia dawa. Kila jioni mke wa mwanawe humletea kidonge na kikombe cha maji. "Baba, umemeza?" "Nimemeza, mama." Siku ya kutandika kitanda, anakuta vidonge vinne chini ya mto, vimelowa kisha vikakauka. Au tuseme ni mama kijana aliyejifungua pale Pumwani, mtoto ana wiki sita, na mama analia pamoja na mtoto. Kila akiweka kidonge ulimini koo linafunga, anatapika. Mwisho anaacha. Akirudi kliniki anaulizwa kwa nini hataki kupona.

Mimi nasema swali hilo limekosewa. Wengi wa watu hawa hawakatai dawa, wanashindwa na umbo lake. Na umbo la dawa halikushuka kutoka mbinguni. Lina historia yake, na ukiijua historia hiyo utajua pia la kuuliza ukifika kliniki.

Kwanza tuelewe koo lenyewe. Kiharusi hudhoofisha misuli ya kumeza. Ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, hufanya vivyo hivyo. Mtu ambaye kinga ya mwili imeshuka huweza kuota fangasi nyeupe mdomoni na kooni, na kila kitu kikipita kinachoma. Kuna wazee ambao meno na mate vimepungua. Kuna watoto. Kuna pia anayemeza vidonge vingi vya magonjwa mengine hadi mwili umechoka kuviona.

Halafu kuna sababu mbili zinazotokana na sonona yenyewe na dawa yake. Ya kwanza ni donge. Kiswahili kinalijua jambo hili tangu zamani: mtu mwenye uchungu moyoni tunasema ana donge. Madaktari nao wanalijua. Wasiwasi na huzuni hukaza misuli ya koo hadi mtu akahisi kuna kitu kimekwama, na akipimwa hakionekani kitu. Kwa hiyo ugonjwa unaotibiwa kwa kidonge ndio huohuo unaofunga njia ya kidonge. Lakini usijiamulie kwamba ni mawazo tu. Ikiwa chakula chenyewe kinakwama, na mtu anakonda, apelekwe hospitali apimwe, kwa maana saratani ya umio, yaani ya njia ya chakula, haipo mbali nasi hapa Kenya.

Ya pili ni ukavu wa kinywa. Mojawapo ya dawa za zamani za sonona, amitriptilini, hukausha mate. Siku ya kwanza kidonge kinapita vizuri. Wiki ya pili kinywa kimekuwa kama kitambaa, na kidonge kinanata ulimini. Mlezi anasema mgonjwa amekuwa mkaidi, kumbe ni dawa inayomfungia mlango mwenzake wa kesho.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Zamani dawa nyingi za hospitali zilikuwa za maji. Muulize nyanya yako. Ukienda zahanati ulibeba chupa yako kutoka nyumbani, ukamiminiwa dawa chungu, ukaambiwa tikisa kabla ya kunywa. Kidonge cha kushindiliwa kwa mashine kilizaliwa Uingereza. Mwaka 1843, mchoraji na mvumbuzi mmoja wa London, William Brockedon, alipata hataza ya kushindilia unga ndani ya kibati chenye umbo. Alitaka kutengeneza viini vizuri vya penseli, na katika hataza hiyohiyo akaingiza vidonge vya dawa. Kapsuli ni ya zamani zaidi kidogo: ilipatikana Ufaransa mwaka 1834, na kazi yake ilikuwa kuficha ladha mbaya ya dawa.

Waliokipeleka kidonge duniani kote ni kampuni ya Burroughs Wellcome ya London, iliyosajili jina la Tabloid mwaka 1884. Kampuni hiyo ilijua kutangaza biashara. Iliwapa wasafiri maarufu masanduku ya dawa, na Henry Morton Stanley alibeba sanduku lake alipoingia tena barani Afrika mwaka 1887 kumtafuta Emin Pasha. Fikiria msafara ule: wapagazi wamebeba mizigo vichwani, njia ni ya miezi mingi, jua na mvua. Chupa ya dawa ni nzito, inavunjika, inachacha. Kidonge ni chepesi, kinahesabika, kinakaa muda mrefu. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901, hesabu ilikuwa ileile: mzigo mwepesi ndio unaofika mbali kwa gharama ndogo. Hadi leo mnunuzi wa dawa za serikali anapiga hesabu hiyo. Ndiyo maana kabati la kliniki limejaa vidonge. Kidonge kilishinda kwa sababu kinamfaa msafirishaji na mweka stoo. Koo la mzee wetu wa Muthurwa halikuwa kwenye hesabu.

Hiyo ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ni ya sonona yenyewe, na hii inaniudhi kidogo, nitakuambia kwa nini.

Hospitali ya Mathari ilifunguliwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Wakati huo iliitwa nyumba ya wendawazimu. Kuanzia 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Huyu aliangalia wagonjwa Waafrika waliolazwa pale, akaona wenye sonona ni wachache sana, akahitimisha kwamba ugonjwa huo ni nadra kwa Mwafrika. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na maneno yake yakasomwa mbali.

Lakini hebu jiulize, mama: ni nani aliyepelekwa Mathari miaka ile? Ni yule aliyevua nguo barabarani, aliyepiga watu, aliyesumbua bwana mkubwa kazini. Mama aliyenyamaza ndani ya nyumba, asiyekula, anayetamani asiamke, nani alimpeleka? Polisi hawana haja na mtu anayelia kimyakimya. Carothers alihesabu walioletwa, akasahau wasioletwa. Na mahali ambapo wakubwa wanaamini ugonjwa haupo, nani ataagiza dawa yake, sembuse dawa ya maji?

Ukweli ulijitokeza polepole. Mwaka 1979 watafiti John Orley na John Wing walichapisha matokeo yao kutoka vijiji viwili vya Uganda. Waliwauliza watu nyumbani kwao, hawakungoja waletwe hospitali, na wakakuta wanawake wengi wenye sonona, kuliko hata wanawake wa mtaa wa Camberwell mjini London waliolinganishwa nao. Mwaka huohuo hapa kwetu, David Ndetei na Joseph Muhangi walichapisha utafiti wao kuhusu wagonjwa wa kawaida katika kliniki ya mashambani Kenya. Miongoni mwa watu waliokuja wakilalamikia kichwa, tumbo na mgongo walikuwamo wenye sonona na wasiwasi. Ugonjwa ulikuwepo siku zote. Ulikuwa umevaa nguo za mwili.

Na dawa? Dawa za sonona zilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View mjini New York, madaktari walikuwa wakijaribu dawa mpya za TB. Moja yao iliitwa iproniazidi, ndugu wa isoniazidi ambayo wagonjwa wetu wa TB wanaimeza mpaka leo. Waliona wagonjwa waliokuwa hoi wamechangamka kupita kiasi, wanacheka, wanataka kula. Kufikia 1957 dawa hiyo ilikuwa ikitumiwa kwa sonona, lakini iliumiza ini, ikaachwa. Wakati huohuo nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn alikuwa akijaribu dawa nyingine kwa wagonjwa wa skizofrenia. Haikuwafaa hao, ila wenye sonona waliamka. Alitangaza habari hiyo mwaka 1957, na dawa hiyo ni imipramini. Amitriptilini ikafuata mwaka 1961. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, amitriptilini ilikuwemo. Fluoksetini, ambayo wengi waliisikia kwa jina la Prozac, iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987. Hataza yake ilipokwisha huko mwaka 2001, viwanda vingine vikaitengeneza kwa bei ya chini, na mwaka 2007 nayo ikaingia kwenye orodha ile ya dawa muhimu. Ndiyo maana leo, ukitibiwa sonona katika hospitali ya umma, mbili hizi ndizo utakazokutana nazo mara nyingi: amitriptilini ya kidonge na fluoksetini ya kapsuli.

Hapa najua kuna mtu anasema: basi nipigwe sindano, yaishe. Sisi watu wa huku tunaipenda sindano. Imipramini na amitriptilini ziliwahi kutengenezwa kwa sindano, kisha zikaachwa. Ile sindano ya kila mwezi ambayo umesikia jirani anachomwa Mathari ni ya ugonjwa mwingine, kama skizofrenia. Si ya sonona. Usimdai muuguzi sindano hiyo, wala usimnunie akikwambia haikufai.

Ila njia nyingine zipo, na zimeongezeka. Fluoksetini hutengenezwa pia kama dawa ya maji, na mara nyingi kijiko kidogo cha mililita 5 huwa na miligramu 20, sawa na kapsuli moja. Setralini ipo ya matone mazito ambayo ni lazima yachanganywe na maji au maji ya machungwa kabla ya kunywewa, na yanywewe papo hapo, yasiwekwe. Ina pombe kidogo ndani yake, kwa hiyo mwambie daktari ikiwa mgonjwa hapaswi kugusa pombe. Mirtazapini ipo ya kuyeyuka ulimini, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 2001. Unaiweka juu ya ulimi mkavu au wenye mate, inalainika yenyewe, unameza mate tu. Iliyo kavu ishike kwa mikono mikavu, maana ikipata unyevu imekwisha. Mwaka 2006 ikaja selegilini ya kubandika kwenye ngozi kama plasta, na mwaka 2019 esketamini ya kupuliza puani, ambayo hutolewa kliniki tu na mgonjwa anaangaliwa kwa saa mbili kabla ya kwenda nyumbani. Kwa akina mama waliojifungua, mwaka huo wa 2019 Marekani iliidhinisha breksanoloni, dawa ya kutundikiwa mshipani kwa saa 60. Ilikuwa ghali ajabu, na mwishoni mwa 2024 kampuni iliacha kuiuza. Iliyoifuata, zuranoloni ya 2023, ni kapsuli! Yaani tumezunguka dunia nzima tukarudi kwenye kitu cha kumeza.

Zote hizi sikutajii ili ukazidai kesho asubuhi. Nyingine hutaziona katika duka la dawa la Landhies Road, na nyingine bei yake itakukosesha kodi ya nyumba. Nakutajia ili ujue kwamba neno "hakuna" lina maana mbili. Kuna hakuna ya duniani, na kuna hakuna ya kabati hili. Mfamasia akikwambia hakuna, muulize kwa heshima: je, ipo ya maji mahali pengine, inaweza kuagizwa, na itagharimu shilingi ngapi kwa mwezi?

Wakati unangoja majibu, kuna mambo ya nyumbani.

Jambo la kwanza ambalo kila mlezi hufikiria ni kukisaga kidonge kwa kijiko na kukitia kwenye uji. Ngoja kwanza. Kuna dawa ambazo zimeundwa zitoke kidogokidogo mchana kutwa. Ukizisaga, dawa ya siku nzima inaingia mwilini kwa mara moja. Venlafaksini ya kutoka polepole ni mojawapo. Bupropioni ni hatari zaidi, kwa sababu kipimo kikubwa cha ghafla huweza kuleta degedege. Duloksetini nayo ina punje zilizofunikwa ili asidi ya tumbo isiziharibu, ukizisaga umeiharibu wewe mwenyewe. Amitriptilini ya kawaida haina ubaya huo, lakini ni chungu na hutia ganzi ulimi. Kwa mtu wa kiharusi ganzi hiyo si mchezo, kwa kuwa anaweza kupaliwa bila kujua. Kapsuli ya fluoksetini wafamasia wengine huruhusu ifunguliwe na unga wake ukorogwe ndani ya maji kidogo, ukanywewa wote mara moja. Nimesema wafamasia huruhusu. Peleka pakiti yenyewe dukani, mwonyeshe, umuulize: hii inafunguliwa? Hii inasagwa? Swali hilo halina malipo.

Ikiwa mgonjwa hana tatizo la misuli, bali ni uoga au donge, kuna ufundi wa kumeza. Akae wima, asilale kamwe. Anywe funda moja la maji kwanza, ili koo lilowe. Kisha kidonge, kisha maji ya kutosha, si yale ya kulowesha kidole. Mwaka 2014 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha ufundi mbili walizozijaribu. Kwa kidonge, mtu anakiweka ulimini, anafunga midomo kabisa kwenye mdomo wa chupa ya plastiki laini iliyojaa maji, ananyonya na kumeza palepale. Kwa kapsuli ni kinyume cha tulivyofundishwa utotoni. Kapsuli ni nyepesi, inaelea. Ukiinua kichwa nyuma, inaelea mbele karibu na meno. Kwa hiyo mtu achukue maji mdomoni, ainamishe kidevu kifuani, ndipo ameze. Kapsuli inaelea kuelekea kooni yenyewe. Jaribu na punje ya mahindi laini au kipande kidogo cha mkate kwanza, ukiwa na utulivu.

Mgonjwa wa kiharusi usimjaribishie ufundi huu. Kwake hata maji matupu huweza kwenda njia ya mapafu na kumletea nimonia. Akikohoa kila anapokunywa, au sauti yake ikawa ya majimaji baada ya kula, apelekwe apimwe namna anavyomeza kabla ya dawa yoyote ya mdomoni, iwe kidonge au ya maji. Hata dawa ya maji si salama kwa kila koo.

Ukipata dawa ya maji, usiipime kwa kijiko cha chai. Vijiko vya nyumba moja havilingani na vya nyumba nyingine, na hata ndani ya nyumba moja havilingani. Omba sirinji isiyo na sindano, ile yenye alama za mililita. Usiitie dawa kwenye chupa ya soda. Nakuomba sana. Chumba kimoja, watoto wanne, chupa ya soda mezani: unajua litakalotokea.

Mama anayenyonyesha asiache dawa kwa uoga wa maziwa. Ziko dawa, na setralini ni mojawapo, ambazo huingia kidogo sana kwenye maziwa, na daktari anaweza kuchagua kwa kulijua hilo. Mwambie mapema kwamba unanyonyesha na kwamba huwezi kumeza. Yote mawili. Na yeyote anayetumia dawa hizi ajue kwamba hazifanyi kazi kwa siku moja kama panadol. Huchukua majuma mawili, manne, wakati mwingine zaidi. Kuziacha ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu, hasa paroksetini na venlafaksini. Kwa hiyo anayetema kidonge leo na kumeza kesho anapata madhara ya pande zote mbili bila faida yoyote.

Kuna tiba nyingine ambayo haimezwi kabisa, na historia yake imetoka kwa jirani. Kusini magharibi mwa Uganda, watafiti waliwauliza wanakijiji majina ya ugonjwa huu kwa lugha yao. Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia. Basi badala ya kuleta vidonge, mwaka 2002 waliunda vikundi vya mazungumzo katika vijiji 15 kati ya 30 vya utafiti, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali, vikikutana kila juma kwa miezi minne, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa kwa majuma mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Walioingia vikundini walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao hawakuingia. Hapakuwa na kidonge. Akina mama wa Muthurwa mnaojua kuendesha chama, mnaokutana kila wiki sokoni bila kukosa, mnaona wenyewe kwamba jambo hili si geni. Muulize mshauri wa kliniki yako kama kuna kikundi. Hata anayemeza dawa vizuri hufaidika, na anayeshindwa kumeza asiachwe hivihivi akingoja dawa ya maji ambayo huenda ikachelewa.

Jambo la mwisho, nalo ni zito. Vile vidonge vinne chini ya mto wa mzee: usifikiri ni uchafu wa kutupa tu. Vihesabu. Wapo wanaoficha dawa kwa kuwa koo limekataa, na wapo wanaoziweka akiba kwa nia ya kujidhuru. Amitriptilini iliyomezwa nyingi kwa pamoja husimamisha moyo, na mtoto mdogo huhitaji chache tu. Kwa hiyo dawa ikae mahali pa kufungwa, itolewe ya siku moja, na muulize mgonjwa waziwazi: "Baba, zinakushinda kumeza, au una mawazo ya kutotaka kuishi?" Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Kwa miaka mingi watu waliogopa kujibu, kwa sababu sheria yetu, kifungu cha 226, ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo mpeleke hospitali bila kuficha lililotokea. Ikiwa ni usiku na hujui pa kuanzia, piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu Kenya, bila malipo.

Ukienda kliniki, beba pakiti ya dawa, vile vidonge vilivyotemwa ukiwa umevihesabu, na maneno haya mafupi umwambie daktari: dawa anaitaka, lakini haipiti.